Simiti Mpya ya Mburu

Sakafu ilimmeza mke wangu nikiwa mlangoni.

Sijasema alianguka. Nimesema ilimmeza!

Ilikuwa asubuhi, ule mwaka wa mvua ya El Nino, mabati yanapigwa mpaka huwezi kusikia redio ya jirani. Aoko alikuwa amechuchumaa kwa stovu anapika strungi, chai bila maziwa. Mimi niko mlangoni navaa gambuti niende kazi ya mjengo. Celine wetu alikuwa kijijini kwa mama yangu.

"Baba Celine, leo usichelewe, hii mvua..."

Hakumaliza.

Nilisikia kitu kama mtu amekanyaga sahani. Nikageuka.

Stovu haipo. Sufuria haipo. Mke wangu... hayupo!

Katikati ya nyumba kuna shimo jeusi, na kutoka ndani ya hilo shimo inapanda harufu ambayo mpaka leo, mimi mzee wa mvi, nikiikumbuka nasukuma chakula kando.

Harufu ya choo.

Wadau... tulikuwa tunaishi juu ya choo!

Najua hapa kwa group mmezoea stori za mpango wa kando na bibi kufumaniwa. Leo someni ya mtu wa kawaida. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo msikuje kunisahihisha kwa comments. Na kama uko mezani, maliza kula kwanza. Usiseme sikukuambia.

Acha nirudi nyuma kidogo ndio muelewe.

Kabla ya hapo tulikuwa tunakaa Lindi, Kibera. Nyumba ya udongo, sakafu ya udongo. Aoko alikuwa anashona vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya maua, anauzia wamama wa estate. Udongo ulikuwa unamtesa. Kitambaa kikiguswa na matope, kazi ya wiki nzima imeenda.

Jumapili moja akaja Oluoch.

Oluoch ni mtu wa kwetu. Kati ya boma lao na letu kuna mto tu. Alikuwa caretaker kwa ploti ya mtu anaitwa Mburu, huko Kabiro, Kawangware.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu yangu kwa lugha yetu, "utaweka huyu mama kwa matope mpaka lini? Kwa Mburu kuna nyumba imetoka sasa hivi. Simiti! Rangi bado inanuka."

Aoko akauliza, "Iko na shida gani?"

"Shida gani shemeji? Mtu anakuletea mazuri unamuuliza shida?"

Akacheka. Tukacheka na yeye.

Tulipofika, nyumba ilikuwa ile ya mwisho kabisa, pekee yake pale kona. Simiti nyororo. Aoko alivua viatu mlangoni kabla hata hajaambiwa aingie. Akatembea mguu mtupu, akarudi, akatembea tena. Alikuwa anacheka kama msichana.

Mtu wa kutoka Lindi akionyeshwa simiti haulizi ya chini yake. Anavua viatu.

Ploti nzima haikuwa na choo. Ukibanwa ulikuwa unaenda ploti ya jirani, unapanga laini na wenyewe wanakutukana. Nikamuuliza Oluoch mbona Mburu hajengi choo. Akasema, "Atajenga, omera. Mambo ni pole pole."

Basi. Rudini sasa kwa shimo.

Nililala kifudifudi pale ukingoni. Sakafu inalia chini ya kifua changu. Namuona Aoko... kichwa na mkono mmoja. Ameshika kipande cha mti. Zile zingine zote ni uchafu. Uchafu wa miaka, wa watu sijui wangapi, mweusi, unachemka kwa mvua.

"Aoko! Shika mkono!"

Alifungua mdomo anijibu.

Wadau, hapo ndipo nilipompoteza, ingawa sikujua bado. Alifungua mdomo... na uchafu ukaingia.

"Kamba! Leteni kamba jamani!"

Mama Ciru wa mlango wa tatu alifika mbio na kamba ya nguo, nguo zingine bado zimeng'ang'ania. Huyo mama ni mnene. Alikalia miguu yangu ndio nisiende na mimi. Tukavuta. Tukavuta tena. Aoko akatoka akiwa mzima, hana kiatu hata kimoja.

Oluoch alikuwa amesimama mlangoni, kofia juu ya pua.

Mnajua alisema nini?

"Ai... imefunguka."

Hakusema "ni nini hii?" Hakusema "Mungu wangu!" Alisema imefunguka, kama mtu anaongea juu ya duka.

Nikamwangalia. "Oluoch. Ulijua?"

"Omera, si mimi pekee yangu. Uliza hawa wote."

Nikageuka. Ploti nzima iko pale kwa mvua. Hakuna mtu alinitazama machoni. Mama Ciru mwenyewe, bado ameshika kamba, akainamisha kichwa.

"Mimi niko na watoto, Baba Celine," akasema polepole. "Aliyesema kabla yenu alitolewa na vyombo vyake usiku huo huo."

Ndio hivyo. Choo kilijaa. Mburu badala ya kukitoa uchafu, akatupa matawi juu, magunia juu, simiti juu, mabati juu. Akaita nyumba. Na sisi tukavua viatu!

Tulimuosha Aoko nyuma ya mabati kwa maji ya mvua. Mama Ciru alimsugua na sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akatapika. Akatapika tena. Halafu akaniangalia, meno yanagongana, akasema:

"Sasa hata wewe hutanikaribia."

"Wacha ujinga," nikamwambia. Nikamkumbatia hivyo hivyo.

Tukacheka kidogo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulicheka.

Kuhara kulianza, homa ikafuata. Hospitalini walikuwa wamelaza watu wawili wawili kwa kitanda, mwaka huo wagonjwa walikuwa wengi. Daktari alipita mara moja, akaandika kitu, akaenda. Aoko alikauka mbele ya macho yangu kama kitambaa kimeanikwa.

Siku ile alikuwa na nguvu ya kuongea, alinivuta shati.

"Baba Celine. Mburu ataziba pale."

"Achana na Mburu, pumzika."

"Ataziba, halafu ataleta mtu. Usikubali mtu mwingine alale pale. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Hakuna mtu atalala pale."

Aliachilia shati. Hakuamka kesho yake.

Sasa sikieni vile mtu mkubwa anafanya kazi.

Mburu alikuja na pick-up yake. Kofia mkononi. Alilia! Machozi ya kweli, makubwa, mpaka mimi ndiye nikamshika bega. Akanunua jeneza. Akakodisha basi. Akasema si jamaa pekee waende, ploti yote iende, kila mlango, wamsindikize mama mpaka nyumbani.

"Hata watoto, wabebeni," akasema. "Ni mama yetu sote."

Mama Ciru, ambaye hakuwa amewahi kuvuka Naivasha, alipanda basi. Wote wakapanda.

Na mimi Mburu akanivuta kando.

"Ouma, usiwe na haraka kurudi. Najua kwenu mtu akizikwa hamkimbii. Kaa, nyolewa, maliza mila zako zote. Nyumba nitakuangalilia."

Nilimshika mikono yote miwili.

Kule nyumbani, mbele ya jeneza, nilisimama nikamtaja. Nikasema kuna mwenye ploti huko Nairobi ambaye ana roho ya mtu. Watu wakapiga makofi! Wamama wakapiga vigelegele. Mjomba wangu akasema mtu kama huyo hawezi kuachwa mikono mitupu, akashika jogoo mwekundu, mkubwa, akamfunga miguu, akanikabidhi.

"Mpelekee. Mwambie ametoka kwa wazee."

Basi mimi nikarudi Kabiro na kichwa kimenyolewa na jogoo kwapani.

Nilipoingia ploti, kitu cha kwanza kilinipiga pua.

Simiti. Simiti mbichi.

Mlango wangu una rangi mpya ya kijani. Dirishani kuna pazia si langu. Ndani kuna mtu anaimbia mtoto.

Oluoch akatokea akijifuta mikono.

"Omera! Pole na safari. Vyombo vyako viko kwangu, viko salama kabisa."

"Nani yuko ndani?"

"Wapangaji."

"Wapangaji wa nini?"

"Mwenye ploti alikuonea huruma, omera. Alisema utapata uchungu kulala pale mama alipo... si unajua."

Hapo ndipo nilielewa lile basi. Nilielewa jeneza. Nilielewa yale machozi. Alikuwa anatutoa! Alichukua kila jicho la ile ploti akalipakia kwa basi, akatumia kilio chetu kupata nafasi ya kukoroga simiti mchana bila kuulizwa na mtu.

Na mimi nilimshukuru mbele ya maiti.

Jogoo akaninyia kiatu. Sikumlaumu.

Nikaenda kwa chifu. Jina lake na kiti chake naviacha, wajukuu wake wanasoma hii Facebook kama nyinyi.

Siku hizo wenye umri wangu mnakumbuka, hukuingia kwa chifu mikono ikining'inia. Askari wa mlangoni aliangalia kichwa changu kimenyolewa, akaangalia jogoo.

"Umeletea mkubwa?"

Alishamchukua.

"Kuja kesho saa nane."

Nikaja kesho saa nane.

Jamani... nilianza kusikia harufu nikiwa bado nje. Nikabisha, nikaingia. Chifu amefungua vifungo vya juu vya shati. Mbele yake sahani. Na upande ule mwingine wa meza, anajichokoa meno...

Mburu.

"Aah, Ouma! Karibu," Mburu akasema. "Pole sana na msiba. Hii kuku ya nyumbani ni kitu kingine kabisa."

Walikuwa wanakula jogoo wa wazee wangu. Pamoja.

"Sema shida yako," chifu akaniambia. Mafuta yameshuka mpaka kwa kidevu.

"Mkubwa, ile nyumba ni choo. Mke wangu alizama pale. Sasa kuna mtoto mdogo ndani."

Chifu alinyonya mfupa mpaka ukalia. Akauweka chini. Akanyonya vidole, kimoja kimoja.

"Mama alikufa na mvua. Mvua ni ya Mungu. Unataka nishike Mungu?"

Mburu akacheka mpaka akakohoa.

"Bwana Ouma," chifu akaendelea, "wewe unaomboleza. Mtu akiomboleza anasikia harufu haiko. Enda ulale."

Nilitapika kwa ukuta wa ofisi ya serikali. Askari akanifanya nifagie.

Nikajaribu bwana afya. Huyo alikuja, nisimnyime haki yake. Viatu vinang'aa, kitambaa cha mkono puani tangu getini. Akaingia, akapiga sakafu na kisigino. Mara moja tu.

"Iko ngumu. Shimo liko wapi?"

"Liko chini ya hiyo simiti, bwana."

"Mimi naona simiti. Serikali inaandika kile inaona."

Oluoch akamsindikiza mpaka kwa barabara, wanaongea wakicheka, mkono begani.

Nikahama. Nikapata chumba Mashimoni, Kibera tena, sakafu ya udongo. Nikarudi mjengo. Nilikuwa nachimba msingi na mtaimbo siku nzima, na kila nikiupiga chini nasikia sauti ya Aoko: "Sema."

Nilisema. Nimesema kwa chifu. Nimesema kwa bwana afya. Nisemee nani tena?

Jumamosi moja, tukitoka kazini, nikapitia Kabiro kuchukua kitanda changu kwa Oluoch. Mtaimbo uko begani.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Yule mama mpya alikuwa anachagua mchele. Msichana tu. Na mtoto wake alikuwa anajifunza kutembea.

Alikuwa pale katikati. Mikono juu, anayumba, anacheka. Hatua moja. Nyingine.

Nikasikia ile sauti.

Du... du...

Chini ya miguu ya mtoto kulikuwa kunaitika kama debe tupu!

Wadau, watu huuliza mtu wa kawaida anavunjikaje. Mimi sikusikia hasira. Nilisikia baridi, na kitu ndani ya kichwa kikatulia kabisa.

Nikaingia bila hodi.

"Mama, toka nje na mtoto."

"Wewe ni nani?"

"Toka. Naivunja hii sakafu."

Aliangalia mtaimbo, akaniangalia mimi. Nilitegemea apige nduru. Badala yake alimvuta mtoto, akamweka mapajani... na akakaa chini. Pale pale katikati! Pale nilitaka kupiga!

"Piga basi," akasema.

"Mama, huelewi. Hapa chini ni choo. Mke wangu..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni choo. Najua mama alikufa. Oluoch alituambia kabla tulete godoro." Sauti yake haikutetemeka hata. "Ndio maana tulipewa. Tulikuwa tunalala kwa stoo ya makaa, mzee. Mtoto alikuwa anakohoa nyeusi. Sisi tunalala upande wa mlango, hapa katikati hatuweki kitu kizito."

Nikashusha mtaimbo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Mburu. Nilikuwa nimejiandaa kwa chifu na askari zake. Sikuwa nimejiandaa kwa huyu msichana, anamkingia Mburu sakafu yake kwa makalio yake na mtoto wake!

Hiyo ndiyo kazi yao, hao wakubwa. Wanakubana mpaka unalinda shimo lako mwenyewe.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Trizah."

"Trizah, huyu mtoto ametembea leo?"

"Ndiyo leo ameanza."

"Kesho atakimbia. Atakimbia upande wa mlango tu?"

Mtoto akapiga simiti na kiganja. Du.

Yeye pia alisikia. Nilimuona akisikia.

Nikatoa ufunguo mfukoni. "Niko na chumba Mashimoni. Udongo mtupu, lakini chini ya udongo ni udongo. Chukua. Mwambie mzee wako akirudi awapate huko."

"Na wewe?"

"Mimi leo sitalala nyumbani. Hilo najua."

Alikuwa bado amekaa. Mama Ciru akaingia nyuma yangu, hakunisemesha, akainama akamnyanyua mtoto.

"Inuka, msichana wangu," akasema. "Mimi nilinyamaza juu ya huyo mwingine. Wewe inuka."

Trizah akainuka.

Nilipiga mara ya kwanza. Mtaimbo ukaingia mpaka kiganjani! Simiti yenyewe ilikuwa nene kama chapati. Chini matawi. Chini ya matawi magunia. Ile harufu ikapanda, ploti nzima ikatoka nje imeshika pua.

Nikapiga. Nikapiga. Nalia na napiga.

Na katikati ya ule uchafu, unajua nilipata nini? Sufuria. Sufuria ya strungi ya Aoko, na mfuniko wake. Walimwaga simiti juu ya chombo cha marehemu bila hata kuinama kukitoa.

Oluoch akafika mbio. "Omera, umerogwa? Mwenye ploti atanimaliza!"

"Ingia," nikamwambia. "Ingia uone vile imefunguka."

Hakuingia.

Askari wa chifu walikuja wanne kwa mtu mmoja. Walinipiga mpaka gari likafika. Sikurudisha hata kofi. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu.

Kortini nilishtakiwa kuharibu mali ya mtu. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye mafua, kila dakika anapangusa pua. Mburu alikuja na wakili, suti, na Oluoch ndani ya shati ya kuazima. Trizah na Mama Ciru walikaa kwa benchi ya nyuma.

Hakimu akaniuliza kama nilivunja.

"Nilivunja, mheshimiwa. Ilikuwa choo imefanywa nyumba, na mke wangu alizama ndani akafa."

Hakimu akaacha kupangusa pua. Akamgeukia Mburu, aliyekuwa kwa kizimba cha mashahidi.

"Hicho chumba kilikuwa na ruhusa ya kupangishwa?"

Mburu akavuta kola ya shati.

"Nimekuuliza. Na ni kweli kuna mpangaji alifia humo? Kwa sababu kama ni kweli, hii kesi si ya kuvunja tu. Hii ni nyingine, na mshtakiwa atakuwa mwingine."

Mburu alimwangalia wakili wake. Wakili aliangalia kalamu yake. Nikaona jasho linatoka kwa masikio ya yule mtu, naapa, kwa masikio!

"Mheshimiwa..." Mburu akasema. "Pale si nyumba."

"Ni nini?"

"Ni... ni choo."

Korti ikaguna.

"Choo cha nani?"

"Cha wapangaji, mheshimiwa. Wanatumia kila siku. Huyu akakuja akawavunjia."

Wakamwita Oluoch. Akaapa kwa Biblia. "Ni choo, mheshimiwa. Tangu nije pale ni choo."

Nilikuwa nimezunguka ofisi zote za Nairobi natafuta mtu mmoja mwenye cheo au mwenye ploti aseme hilo neno. Hakuna! Kumbe walikuwa nalo mdomoni wakati wote. Walikuwa wanangoja siku litawaokoa wao.

Hakimu akaniuliza kama nina la kusema kabla ya hukumu.

"Niko nalo, mheshimiwa. Naomba aseme tena."

"Aseme nini?"

"Pale ni nini."

Watu wakacheka. "Ameshasema," hakimu akaniambia.

"Naomba aseme kwa sauti. Wale wa nyuma hawakusikia."

Sijui huyo mama alifikiria nini. Alipiga chafya, akamgeukia Mburu.

"Sema."

"Choo!" Mburu akapaza sauti, uso mwekundu.

"Asante," nikasema. Nikakaa.

Nilifungwa miezi sita kwa kosa la kuvunja choo cha wapangaji. Na kwa sababu wapangaji hawawezi kukaa bila choo, korti ikaamuru mwenye ploti akirudishe, kitumike, na bwana afya aende akikague. Yule yule wa kisigino! Safari hii aliliona shimo vizuri sana.

Mama Ciru ndiye alikuja kunieleza gerezani. Choo kimetolewa uchafu, kikajengwa upya, mlango mzuri, laini ndefu kila asubuhi. Mburu mwenyewe alikifungua, chifu akaongea, watu wakapewa soda.

"Watu walipiga makofi, Baba Celine," akaniambia, macho chini. "Hata mimi kidogo."

Hakuna mtu amelala pale tena mpaka leo. Neno langu kwa Aoko nililitimiza.

Lakini sikieni kitu kilinijia ile usiku ya kwanza ndani, nikiwa nimelala sakafuni kati ya wanaume wengine, nafikiria nimeshinda.

Kama pale ni choo, na kimekuwa choo siku zote... basi hakuna mtu aliishi pale. Nani anaishi chooni? Na kama hakuna mtu aliishi pale, hakuna mtu alikufa pale. Lile neno nililolia kulisikia, nikaomba lirudiwe kwa sauti, ndilo lilimfuta mke wangu. Hakuna shahidi aliulizwa jina lake. Hakuna mtu alishtakiwa juu yake. Kesi ilikuwa ya choo.

Mburu alizeeka vizuri. Alizikwa na misururu ya magari, na wakubwa wakashindana kumsifu. Mimi nilioa? Sikuoa. Celine nililea na mama yangu, na ndiye amenifundisha kuandika hizi vitu kwa simu.

Mnataka funzo. Mimi sina la kitabuni, nina hili moja ambalo lilinifunga.

Mkubwa akisema uwongo mnamjua, mmemzoea. Siku akisimama mbele ya watu akasema ukweli, kwa sauti, uso mwekundu... usikimbilie kupiga makofi. Angalia kwanza kwa huo ukweli amemfunika nani.

Wangu alikuwa anaitwa Aoko.